Mfumo wa komplementi: mlinzi wa kale ndani ya damu

Mtu anapoongezewa damu ya kundi lisilolingana na lake, hatari inaweza kuanza katika muda wa dakika chache. Chembe nyekundu alizopewa hupasuka zikiwa bado ndani ya mishipa, joto la mwili hupanda, mkojo hugeuka mwekundu au wa rangi ya kahawia, na figo huweza kushindwa kufanya kazi. Ndiyo maana damu ya mchangiaji hulinganishwa na ya mgonjwa katika maabara kabla ya mgonjwa kutundikiwa mfuko wa damu.

Kinachozipasua chembe hizo ni kundi la protini linalojulikana kwa jina la komplementi. Kazi yake ya kila siku ni kuua bakteria na kusafisha uchafu ndani ya damu. Katika ajali hiyo ya kuongezewa damu, komplementi hufanya kazi yake ile ile, ila safari hii dhidi ya chembe ambazo mwili umezitambua kuwa ngeni.

Komplementi ni sehemu ya kinga ya asili, yaani kinga ambayo mtu huzaliwa nayo kabla hajapata ugonjwa wowote wala chanjo yoyote. Ina protini zaidi ya 30. Nyingi kati yake hutengenezwa na ini, nazo huzunguka ndani ya damu zikiwa zimelala, zikisubiri ishara. Zikishaamshwa, hufanya kazi kwa kasi kubwa mno. Nguvu hiyo ndiyo inayouokoa mwili, na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuuangamiza iwapo haitazuiwa.

Jinsi ilivyogunduliwa

Mwaka 1888 mtafiti George Nuttall, aliyekuwa akifanya kazi nchini Ujerumani, alionyesha kwamba damu inaweza kuwaua bakteria wa kimeta hata ikiwa nje ya mwili. Aligundua pia kwamba damu ikipashwa joto la nyuzi 55 za Selsiasi hupoteza uwezo huo.

Miaka saba baadaye, mwaka 1895, daktari kijana kutoka Ubelgiji, Jules Bordet, alilichunguza jambo hilo katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Bordet alichukua seramu, yaani maji yanayobaki baada ya damu kuganda, ya mnyama aliyekwisha kupewa kinga dhidi ya kipindupindu. Seramu hiyo iliwaua bakteria wa kipindupindu. Alipoipasha joto, ikashindwa. Kisha akaongeza seramu kidogo ya mnyama ambaye hakuwa na kinga yoyote dhidi ya ugonjwa huo, seramu ambayo peke yake haikuweza kitu. Uwezo wa kuua ukarejea.

Bordet alitambua kwamba kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilistahimili joto, na kilipatikana tu kwa mnyama aliyepewa kinga. Hicho ndicho kinachoitwa leo kingamwili. Cha pili kiliharibiwa na joto, na kilipatikana kwa wanyama wote. Mwanasayansi wa Kijerumani Paul Ehrlich alikipa hicho cha pili jina la komplementi, yaani kikamilisho, kwa kuwa kilionekana kuikamilisha kazi ya kingamwili. Bordet alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1919.

Ugunduzi huo haukukawia kupata matumizi. Mwaka 1906 August Wassermann na wenzake nchini Ujerumani waliutumia kutengeneza kipimo cha damu cha kaswende, ambacho kilitumika duniani kwa miongo mingi.

Hata hivyo, jina alilolitoa Ehrlich lilificha nusu ya ukweli. Mwaka 1954 Louis Pillemer, mtafiti wa mjini Cleveland nchini Marekani, alitangaza kwamba komplementi inaweza kuamka yenyewe bila ya kingamwili, kwa msaada wa protini aliyoiita propadini. Wataalamu wengine walimpinga vikali wakidai kwamba sampuli zake zilikuwa na kingamwili zilizojificha. Pillemer alifariki dunia mwaka 1957. Katika miaka iliyofuata majaribio ya watafiti wengine yalithibitisha kwamba alikuwa sahihi.

Njia tatu za kuamshwa

Protini kuu za mfumo huu hutajwa kwa herufi na nambari, kuanzia C1 hadi C9. Nambari hizo hazifuati kikamilifu mpangilio wa kazi: C4, kwa mfano, huingia kazini kabla ya C2 na C3. Kila protini inapoamshwa huikata au huishika inayofuata, nayo huamsha nyingine nyingi, mithili ya moto unaoruka kutoka paa moja la makuti hadi jingine.

Wanasayansi wanazitambua njia tatu za kuuwasha moto huo. Njia ya kwanza ni ile aliyoiona Bordet. Kingamwili hujishika kwenye bakteria, na C1 hujishika kwenye kingamwili. Njia ya pili huanzishwa na protini ziitwazo lektini, ambazo huzitambua aina za sukari zilizopo juu ya ngozi ya bakteria na fangasi lakini ambazo ni nadra kuonekana wazi juu ya seli za binadamu.

Njia ya tatu ndiyo ile ya Pillemer. Hapa hakuna anayetoa ishara. Protini ya C3 hujifungua yenyewe kidogo kidogo muda wote na kujibandika juu ya chochote kilicho karibu. Ikiangukia seli ya mwili, huondolewa upesi. Ikiangukia bakteria asiye na kinga dhidi yake, huzidisha idadi yake kwa haraka.

Njia zote tatu hukutana mahali pamoja, kwenye C3. Ndiyo protini ya komplementi iliyo nyingi kuliko zote katika damu, kwa kiasi cha takriban gramu 1 katika kila lita. Ikikatwa vipande viwili, C3a na C3b, mashambulizi huwa yameanza.

Kazi nne

Kazi ya kwanza ni kutia alama. Vipande vya C3b hujibandika kwa maelfu juu ya adui, na chembe nyeupe za damu zenye kazi ya kumeza vijidudu huvitambua na kumla adui huyo kwa urahisi zaidi.

Kazi ya pili ni kuita msaada. Vipande vidogo vya C3a na C5a husambaa, huilegeza mishipa midogo ya damu, na kuvuta chembe nyeupe hadi mahali penye mapambano. Wekundu, joto na uvimbe unaoonekana kuzunguka kidonda hutokana kwa sehemu na wito huo.

Kazi ya tatu ni kutoboa. Protini za C5 hadi C9 huungana na kutengeneza bomba linalopenya kwenye ukuta wa bakteria. Tundu lake lina upana wa takriban sehemu 10 za milioni moja za milimita. Maji huingia, chumvi hutoka, na bakteria hupasuka.

Kazi ya nne haina kishindo, nayo ni usafi. Mabaki ya seli zilizokufa na mafungu ya kingamwili zilizoshikamana na vijidudu hutiwa alama na komplementi. Chembe nyekundu za damu zina kipokezi kiitwacho CR1 ambacho huyabeba mafungu hayo hadi kwenye ini na wengu, ambako huharibiwa.

Mfumo huu una umri mrefu kuliko kingamwili zenyewe. Protini za ukoo wa C3 zinapatikana hata kwa matumbawe. Mbu naye anayo ya kwake. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba mbu wa Anofelesi, anayeeneza malaria barani Afrika, ana protini iitwayo TEP1, ambayo ni ya ukoo wa C3 na huviua vimelea vingi vya malaria ndani ya tumbo la mbu huyo.

Vizuizi

Silaha inayojifyatua yenyewe muda wote haina budi kuwa na walinzi. Kila seli ya mwili wa binadamu hubeba juu yake protini za kuizuia komplementi. Mojawapo, CD59, huzuia lile bomba la C9 lisikamilike. Nyingine, CD55, huivunja mitambo inayoikata C3. Ndani ya damu nako kuna protini iitwayo faktari H, ambayo huzitambua seli za mwili na kuizima komplementi juu yake.

Bakteria wengi hawana vizuizi hivyo. Kwa lugha nyepesi, komplementi hushambulia kila kitu, na kinachosalimika ni kile kinachoweza kuonyesha kibali. Umuhimu wa vibali hivyo huonekana vinapokosekana.

Kuna ugonjwa wa nadra ambamo uboho wa mifupa, kutokana na kasoro ya jeni inayojitokeza ukubwani, huanza kutengeneza chembe nyekundu zisizo na CD55 wala CD59. Komplementi huzipasua siku baada ya siku. Mgonjwa hupungukiwa na damu, mkojo wake huweza kuwa mweusi hasa asubuhi, na damu yake huweza kuganda ndani ya mishipa. Kuganda huko ndiko kunakosababisha vifo vingi vya wagonjwa wasiotibiwa. Ugonjwa huo huitwa kwa kifupi PNH.

Kasoro za faktari H nazo zinaweza kuziharibu figo. Aidha, mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walibaini kwamba aina fulani ya jeni ya faktari H huongeza uwezekano wa mtu kupoteza uwezo wa kuona uzeeni, kutokana na uharibifu wa sehemu ya katikati ya pazia la jicho.

Upungufu nao una gharama yake. Watu wachache huzaliwa bila ya C3, nao huandamwa na maambukizi makali ya bakteria tangu utotoni. Wengi wa wanaozaliwa bila ya C1q, ambayo ni sehemu ya C1, hupata ugonjwa wa lupasi, kwa sababu mabaki ya seli zilizokufa hayasafishwi ipasavyo na mwili huanza kujishambulia.

Kwa sababu hiyo madaktari hupima viwango vya C3 na C4 katika damu. Viwango hivyo hushuka mara nyingi lupasi inapopamba moto. C3 hushuka vilevile kwa watoto wanaovimba uso na kupata mkojo wa rangi ya kahawia wiki chache baada ya maambukizi ya koo au ya ngozi yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka. Kwa watoto hao, C3 kwa kawaida hurejea katika kiwango chake katika muda wa wiki sita hadi nane. Isiporejea, daktari hutafuta sababu nyingine.

Homa ya uti wa mgongo

Hakuna ugonjwa unaodhihirisha thamani ya komplementi kama homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria aitwaye meningokoka. Watu waliozaliwa bila ya protini mojawapo kati ya C5 na C9 huweza kuishi wakiwa na afya njema kwa miaka mingi, lakini hatari yao ya kuugua maradhi hayo ni kubwa mara nyingi kuliko ya watu wengine, na baadhi yao huugua zaidi ya mara moja. Sababu ni kwamba meningokoka huuawa hasa kwa kutobolewa.

Mwaka 1969 uchunguzi uliofanywa miongoni mwa askari wapya wa jeshi la Marekani ulionyesha kwamba wale ambao seramu yao iliweza kumuua meningokoka, kwa ushirikiano wa kingamwili na komplementi, ndio waliosalimika ugonjwa ulipoingia kambini. Tangu wakati huo, njia kuu ya kupima ubora wa chanjo za ugonjwa huo ni kuangalia iwapo seramu ya mtu aliyechanjwa, ikichanganywa na komplementi, inawaua bakteria hao.

Hivyo ndivyo ilivyopimwa chanjo ya MenAfriVac, iliyoanza kutumika kwa wingi nchini Burkina Faso mwezi Desemba mwaka 2010 na kufuatiwa na nchi nyingine za ukanda wa Afrika unaokumbwa na milipuko ya ugonjwa huo, kutoka Senegal hadi Ethiopia. Mahujaji wanaokwenda Makka kutoka Afrika Mashariki, Ghuba au Ulaya, ambao hutakiwa na Saudi Arabia kuwa na cheti cha chanjo ya meningokoka, hutegemea ushirikiano huo huo: chanjo huleta kingamwili, na komplementi hutekeleza hukumu.

Lakini meningokoka ana ujanja wake. Juu ya ngozi yake ana protini inayoinasa faktari H kutoka katika damu ya mgonjwa. Kwa namna hiyo bakteria huvaa kibali cha wenyeji, na komplementi humpita. Wanasayansi waliigeuza hila hiyo kuwa udhaifu. Protini hiyo ya kunasia ni sehemu ya chanjo mbili dhidi ya meningokoka wa kundi B, moja iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013, na nyingine iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2014.

Malaria na papasi

Kimelea cha malaria nacho kinaijua komplementi vizuri. Plasmodiamu falsiparamu, kinachosababisha vifo vingi vya malaria barani Afrika, huinasa faktari H kama afanyavyo meningokoka. Zaidi ya hayo, hukitumia kipokezi cha CR1 kama mlango mmojawapo wa kuingilia ndani ya chembe nyekundu, jambo lililoelezwa na watafiti mwaka 2010.

CR1 hutumika pia kwa njia nyingine. Chembe zilizokwisha kuvamiwa huweza kuzivuta chembe zisizo na vimelea zikashikamana nazo mfano wa petali za ua. Mafungu hayo huweza kuziba mishipa midogo, na yamehusishwa na malaria kali.

Barani Afrika kuna aina za CR1 ambazo ni nadra kwingineko duniani. Mwaka 2018 matokeo ya utafiti miongoni mwa watoto wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, yalionyesha kwamba aina mojawapo inahusiana na kinga dhidi ya malaria inayopanda kichwani na dhidi ya kifo, ilhali aina nyingine inahusiana na ongezeko la hatari hiyo. Kinga hiyo ilionekana tu kwa watoto wasio na aina fulani ya talasemia, kasoro ya kurithi ya damu ambayo nayo hupunguza makali ya malaria. Inaaminika kwamba malaria yenyewe ndiyo iliyozichuja jeni hizo kizazi baada ya kizazi.

Mdudu mwingine wa Afrika aliyewafunza wataalamu ni papasi, ambaye hujificha katika nyufa za nyumba za udongo, hutoka usiku kunyonya damu, na kueneza homa ya papasi. Mdudu anayekunywa damu humeza pia komplementi ya mwenyeji wake. Katika mate ya papasi wa aina ya Ornithodoros moubata, watafiti nchini Uingereza walipata protini inayoikamata C5 na kuizuia isikatwe. Protini hiyo, waliyoieleza mwaka 2005, ilitumika baadaye kutengeneza dawa iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa PNH.

Dawa na bei yake

Dawa ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuizima C5 ni ekulizumabu, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2007. Imebadili maisha ya wagonjwa wa PNH. Wengi waliokuwa wakiongezewa damu mara kwa mara hawaihitaji tena, na vifo vitokanavyo na kuganda kwa damu vimepungua sana.

Hata hivyo dawa hiyo humwacha mgonjwa katika hali ya mtu aliyezaliwa bila ya C5. Anapaswa kuchanjwa dhidi ya meningokoka kabla ya kuanza matibabu, na hata baada ya chanjo huelezwa aende hospitali mara moja akipata homa, kuumwa kichwa au shingo kukakamaa.

Tatizo jingine ni bei. Mwaka 2010 matibabu ya mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja nchini Marekani yaligharimu zaidi ya dola 400,000. Dawa nyingine zimefuata, zikiwemo zinazoizuia C3, na mwishoni mwa mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kidonge cha kumeza kinachoizuia njia ya tatu, ile iliyogunduliwa na Pillemer. Pamoja na hayo, kwa mgonjwa wa kawaida wa Afrika Mashariki dawa hizi bado haziko karibu.

Kilicho karibu naye ni chanjo, ambayo huipa komplementi shabaha sahihi, na umakini katika kupima damu kabla ya kumwongezea mtu. Kwa sehemu kubwa ya wakazi wa dunia, mlinzi huyu wa kale angali akifanya kazi bila ya dawa yoyote ya kumsaidia wala ya kumzuia, akiwategemea wale wazuizi wake wadogo walio juu ya kila seli.